Shingo ya Shemeji

Kwetu Castelbrac tunasema mchezaji wa safu ya mbele hana shingo. Ana kichwa tu kilichotuliwa mabegani kama chungu juu ya mafiga. Bastien Lacoume alikuwa wa namna hiyo hasa. Siku alipomwoa dada yangu Maïlys halikupatikana shati la kumfunga kifungo cha juu, akaingia kanisani kola wazi, tai inaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyetoka kukimbizwa. Baba yangu, wakati huo yu hai bado, alininong'oneza: "Huyo hata akitaka kumtoroka dada yako hawezi. Akishageuka kutazama nyuma, itabidi ageuke mwili mzima."

Tulicheza pamoja katika timu ya raga ya mji wetu, timu ya mkoani, ya kulipwa, ndogo kuliko zote katika daraja la pili la Ufaransa. Mji wenyewe una soko la bata, kanisa, na barabara unayoimaliza kabla sigara haijaisha, lakini siku ya mechi uwanja hujaa kushinda kanisa siku ya Pasaka. Muuza mikate anaujua uzito wako. Padri anajua ni goti lako lipi bovu.

Asiyeijua raga nimweleze jambo moja tu, skramu. Wanane wetu tunainama na kufungamana, wanane wao vilevile, vichwa vinapishana, kisha tunasukumana kama mafahali. Mbele kabisa huwa watatu. Kulia kwangu alikuwa Zurab, Mjojia, mtu wa nchi ya Georgia, mwenye mikono kama magogo. Kushoto, Bastien. Katikati mimi, Rémi Castaing. Wa katikati mikono yake yote miwili imelala mabegani mwa wenzake, kwa hiyo skramu ikiporomoka hana cha kuuzuia uso wake usifike chini ila hao wawili. Wao ndio mikono yake. Bastien alikuwa akipitisha mkono wa kulia mgongoni kwangu na kulikamata shati langu ubavuni, chini ya kwapa. Ngumi ile niliijua kuliko nilivyoujua mkono wa mwanamke yeyote, na aliyekuwa mke wangu alilisema jambo hilo mbele ya hakimu.

Watu hudhani sisi hatuogopi. Ukweli ni kwamba safu ya mbele hatuna neno la hofu. Tunasema "leo nina baridi," au "tumbo limekaa vibaya," au "sikulala." Mwenzako anaelewa, anakupiga kofi la mgongo, basi. Aliyecheza nafasi yangu kabla yangu aliitwa Ludovic. Skramu moja iliporomoka mazoezini, siku ya mvua, skramu ya kawaida kabisa, hakuna aliyefanya kosa. Tuliinuka wote, tukajipangusa matope, yeye akabaki chini. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa: "Nani amenikalia miguuni?"

Hakuna aliyekuwa amemkalia.

Ludovic yu hai. Huja kwenye mechi zetu zote za nyumbani kwa kiti chake cha magurudumu, anakaa pembeni mwa goli la kusini, anatutukana tukicheza ovyo. Nampenda sana. Lakini kila nikiinama kuingia kwenye skramu, na nimeinama mara zisizo na idadi, swali lake nalisikia kabla ya kipenga.

Msimu ninaousimulia tulikuwa tumecheza vibaya, na mechi ya mwisho ikatupeleka Valsaure, mji wa migodi ya zamani upande wa pili wa milima. Mshindi abaki daraja la pili, mshindwa ashuke. Kushuka kwa timu kama yetu si kushuka ngazi moja. Ni kuanguka kisimani. Mishahara ingekwisha, nusu ya wachezaji wangehama, na kina mama wanaofua jezi na kupika siku za mechi wangeambiwa asanteni. Wiki nzima mji haukuzungumza jambo jingine. Mtoto wa jirani alinisimamisha njiani akaniuliza kama ni kweli nikishindwa baba yake atauza gari.

Jumapili kabla ya mechi tulikula kwa mama. Alikuwa amepika supu yake ya kabichi na paja la bata, ile ambayo kijiko kikisimama wima hakianguki. Bastien alinyoosha mkono achukue mwiko ajipakulie. Mwiko ukamtoka. Haukuteleza, vidole vilifunguka tu, kama vya mtoto aliyepitiwa na usingizi. Supu ikamwagika mezani.

"Ana njaa mpaka anatetemeka," mama akasema, akicheka.

"Ana uvivu," akasema Maïlys. "Mtoto wa miaka minne anajipakulia, yeye anamwaga." Na Capucine, binti yao, akadakia: "Mimi sijamwaga!"

Bastien alicheka nao. Ila mwiko aliuokota kwa mkono wa kushoto, na mpaka tunaondoka mezani ule wa kulia ulibaki umelala pajani.

Jumanne, mazoezini, nikajua zaidi. Tulikuwa tunasukuma mashine ya skramu, tukiinama na kuinuka, tukiinama na kuinuka, na katikati ya msukumo mmoja ubavu wangu ukapoa. Sina namna nyingine ya kueleza. Palikuwa na ngumi, halafu hapakuwa na kitu. Sekunde moja, mbili, kisha ngumi ikarudi.

Nilimngojea kwenye maegesho ya magari.

"Mkono wako una nini?"

"Mkono gani?"

"Bastien."

Akatupa begi lake ndani ya gari. "Nimelalia vibaya. Mshipa umebanwa. Daktari Soulé keshaniona, ameniambia ni mshipa tu, utaachia."

"Amekupiga picha?"

"Shemeji, umekuwa mama yangu lini? Nimekwambia keshaniona." Halafu akapunguza sauti. "Usimpelekee Maïlys maneno. Unamjua. Atakuja kunitoa uwanjani kwa sikio."

Nilicheka, kwa sababu ni kweli angeweza. Na nilimwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini. Mechi ilikuwa Jumamosi, na bila Bastien skramu yetu ilikuwa nyumba ya karatasi.

Valsaure kulikuwa na mvua nyembamba, ile isiyoonekana mpaka umeshalowa. Mabasi ya mashabiki wetu yalifika mapema. Walipanga mstari kwenye lango wakaimba, lakini sauti zilikuwa nyembamba kama mvua. Kwenye chumba cha kuvalia Zurab alipiga ishara ya msalaba kwa namna yao, kulia kwanza. Semisi, mtu wa visiwa vya Tonga aliyekuwa akiba wa Bastien, alitapika kwenye ndoo, akajifuta, akaomba radhi kwa ndoo. Kocha Etchart, ambaye kwa kawaida hutukana dakika kumi bila kurudia tusi, alisimama mlangoni na kusema tu: "Nendeni mkafanye kazi yenu. Mimi sina la kuwaambia."

Nusu ya kwanza ilikuwa vita ya matope. Watu wa Valsaure wanasukuma kama waliozaliwa ndani ya mgodi. Yule aliyekabiliana na Bastien alikuwa mtu mzima mwenye masikio yaliyoviringika kama uyoga, na kila tukikutana alikuwa anasema bila kuinua macho: "Karibu nyumbani, kijana. Hapa ndipo utakapolala." Refa aliita: "Inama! Shika! Ingia!" na tukaingia, na dunia ikawa giza la manyasi na pumzi za watu. Ngumi ya Bastien ilikuwepo. Nilikuwa naihesabu kama anayehesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa. Ipo. Ipo. Ipo.

Tulikwenda mapumziko tukiwa mbele kwa pointi mbili.

Muda mfupi baada ya kurudi, kocha akamtoa Bastien na kumwingiza Semisi. Ni kawaida, watu wa mbele huchoka, hubadilishwa. Bastien alipita karibu yangu akitoka, na nikauona uso wake. Watu wakitolewa hukasirika. Yeye alikuwa na uso wa mtu aliyeshushwa kutoka juu ya paa. Nami nilishusha pumzi. Niliwaza: imekwisha, ametoka salama, Jumatatu nitampeleka hospitali mwenyewe, atake asitake.

Saa ya uwanjani ilitembea. Bado tulikuwa mbele kwa pointi mbili. Dakika kama kumi na tano zimebaki, Semisi alikimbilia mpira uliokuwa chini, akasimama ghafla, akageuka kutazama nani amempiga teke nyuma ya mguu. Hakuna aliyempiga. Msuli ulikuwa umechanika. Walimtoa amebebwa mabegani, analia, anasema "samahani, samahani" kwa kila aliyempita.

Hapo sheria ni moja. Anayecheza nafasi ile lazima awe amefundishwa nafasi ile, na aliyekuwepo alikuwa mmoja tu. Bastien. Angeweza kurudi. Kama asingerudi, skramu zingekuwa za kuegemeana tu bila kusukumana, na sisi kama adhabu tungepungua mtu mmoja, kumi na wanne kwa kumi na watano mpaka mwisho.

Nilimwona kwenye benchi. Kocha Etchart alikuwa ameinama kwake anauliza kitu. Uwanja mzima wa Valsaure ulikuwa unapiga mbao za viti. Bastien alimtazama kocha, akatazama mashabiki wetu nyuma ya uzio, akina Gisèle wa jiko la timu, watoto na bendera zao zilizolowa, akavua koti. Alijaribu kulivua kwa mkono wa kulia, ikashindikana, akalivua kwa wa kushoto.

Skramu ya kwanza tuliimaliza, sijui vipi. Mpira ulitoka haraka. Ya pili ilikuwa mita tano kutoka mstari wetu, mpira wao. Wakitusukuma pale wanafunga, na kila mtu uwanjani alilijua hilo. Mashabiki wao waliimba wimbo wa wachimbaji, sauti nzito, mguu kwa mguu.

Tulijifunga. Bastien alipitisha mkono mgongoni kwangu. Mkono ulifika ubavuni ukalala pale, kama samaki.

"Shika," nikamwambia.

"Nimeshika."

"Hujashika, Bastien."

"Nimeshika!" Sauti yake ilikuwa juu, sauti ya mtu mwingine.

"Inama!" refa akaita. Tukainama. "Shika!" Mtu wa masikio ya uyoga akamkamata Bastien upande wa pili. "Ingia!"

Tuliingia, na upande wangu wa kushoto haukuwepo. Nilihisi bega la Bastien linazama, kisha sote, uzito wa watu kumi na sita unatafuta mahali pa kwenda. Nilikuwa naanguka na uso mbele na mikono yangu imefungwa. Nilifumba macho. Zurab alinivuta kwa nguvu zake zote, nikafikia shavu badala ya paji la uso. Matope yaliniingia mdomoni. Kipenga kikalia. Nililala pale nikasogeza vidole vya miguu ndani ya viatu, kimoja kimoja, na vyote vikaniitikia.

Nilipofungua macho, uso wa Bastien ulikuwa kando ya wangu, kiganja kimoja mbali. Macho yake yalikuwa makubwa.

"Nini?" nikamuuliza.

"Umeme," akasema. "Umenishuka mpaka miguuni."

"Inuka basi. Unaweza kuinuka?"

Aliinuka. Aliinuka polepole, kama anayebeba ndoo ya maji iliyojaa kichwani. Wenzetu hawakuona kitu. Refa aliamuru skramu irudiwe. Bastien akaniambia bila kunitazama, midomo yake haisogei: "Usiseme neno. Moja tu hii. Tunaizuia, mpira unatoka, tunashinda. Rémi, nakuomba. Moja tu."

Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi niliwaza nini. Sikuwaza. Mtu aliyeogopa hawazi. Nilikuwa nimeogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, nami siwezi kusema nilimwogopea Bastien peke yake. Niliiogopea pia shingo yangu, kwa sababu wakianguka, mtu wa katikati huanguka nao. Miguu yangu ilikataa. Zurab alikuwa keshanishika, anangoja. Bastien keshanyoosha mkono ule uliokufa. Na mimi nikajichomoa kati yao, nikamwendea refa.

"Huyu hawezi kucheza," nikamwambia. "Shingo. Mkono umekufa, na sasa miguu. Mwite daktari."

"Anasema uongo!" Bastien akapiga kelele nyuma yangu. "Refa, mimi mzima! Ameogopa huyo! Yeye ndiye ameogopa!"

Nahodha wetu alinikamata kifua. "Rémi, una wazimu? Hapa? Sasa hivi?"

"Mwambie ainue mkono wa kulia," nikasema. "Mwambie auinue juu ya kichwa."

Bastien alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu ninayempenda, na sitaki tena. Aliuinua mkono. Ulifika usawa wa kifua, ukatetemeka, ukaanguka.

Daktari Soulé wa timu yetu alikuwa keshaingia mbio, nywele zimemganda usoni kwa mvua. Alimgusa nyuma ya shingo, akamuuliza maneno mawili matatu, kisha akasema kwa sauti tulivu mno, ile inayotisha kuliko kelele: "Usigeuze kichwa. Lala chini taratibu. Mtu yeyote asimguse." Halafu akaniuliza: "Yameanza lini haya?"

"Si ulimwona wiki hii?"

"Mimi?" akasema Daktari Soulé. "Sijampima tangu mwezi wa pili."

Walimfunga kola ngumu, wakamlaza kwenye ubao, wakamtoa. Uwanja ulinyamaza, kwa heshima, nakiri, hata Valsaure ni watu. Kisha mchezo ukaendelea. Kumi na wanne sisi. Skramu ya kuegemeana, mpira ukatoka, wakaupeleka pembeni kabisa, mahali ambapo mtu wetu wa kumi na tano angekuwa amesimama, na winga wao akafunga bila kuguswa na mtu. Muda uliobaki tulikimbia kama kuku waliochinjwa. Kipenga cha mwisho kilipolia nilikaa chini kwenye matope, nikasikia mashabiki wetu. Hawakuzomea. Ilikuwa afadhali wangezomea.

Yule mzee wa masikio ya uyoga alikuja kunipa mkono. "Mimi nilihisi amelegea," akaniambia. "Nikasema moyoni, huyu nimempata." Akauachia mkono wangu. "Nisingejua kama ni shingo." Akaenda zake.

Zurab peke yake ndiye aliyekaa kando yangu kwenye chumba cha kuvalia. Wengine walipita wakiangalia sakafu. Mmoja, sitamtaja, alisema akifungua kiatu: "Dakika tano tu. Angevumilia dakika tano tu." Hakusema ni nani alipaswa kuvumilia. Kocha Etchart alivua miwani yake akaifuta kwa tai iliyolowa, akaivaa, akaivua tena.

Hospitali ya Valsaure ina korido ndefu ya kijani. Nilikaa pale na jezi yangu ya matope, mlango wa chumba cha picha mbele yangu. Nesi aliniletea kahawa, nikashindwa kuinywa kwa kutetemeka. Nataka kusema kilichokuwa moyoni mwangu, ingawa si kizuri. Niliogopa kwamba Bastien ameumia. Na niliogopa kwamba Bastien ni mzima. Niliogopa daktari atatoka akicheka, aseme, ni mshipa tu, utaachia, na mimi niwe nimeuzamisha mji mzima kwa sababu ya mshipa. Hofu hizo mbili zilikuwa zinapigana ndani yangu kama mbwa wawili kwenye gunia, na kila mmoja nilimwombea ashinde, kwa zamu. Nikatamani shemeji yangu awe amevunjika. Kisha nikajishika kichwa, nikaomba awe hajavunjika.

Maïlys alifika kabla ya majibu. Alikuwa ameendesha gari peke yake kuvuka milima, kwa sababu hakuja kwenye mechi. Mechi ngumu huzitazama kwenye runinga na mto usoni. Alivaa viatu viwili visivyofanana. Nilisimama.

"Yuko wapi?"

"Ndani. Wanampiga picha. Anaongea, miguu inasogea, nimeiona ikisogea."

Alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Nimekuona kwenye runinga ukimwendea refa. Nikajua unajua." Kisha akauliza polepole: "Umejua lini, kaka?"

"Jumanne nilimuuliza. Aliniambia daktari amemwona."

"Ukamwamini."

"Nikamwamini."

"Bastien! Mtu aliyecheza na mbavu mbili zimevunjika akaniambia ni gesi! Ukamwamini huyo!" Alinipiga ngumi begani, si ya mchezo, kisha nyingine. "Mficha maradhi kifo humuumbua, na ninyi watu mnafichiana! Mnafichiana kama wezi!" Halafu nguvu zikamwisha, akaniangukia kifuani na matope yangu yote, na hapo ndipo nilipogundua kwamba naye anatetemeka, na kwamba kutetemeka kwetu ni kumoja, kama tulipokuwa wadogo na radi inapiga.

Daktari aliyetoka alikuwa mwanamume kijana mwenye mafua. Alipenga kamasi kwanza. Nilitaka kumnyonga. Kisha akatueleza. Gegedu moja kati ya pingili za shingo lilikuwa limetoka mahali pake na kusukuma uti wa mgongo, na pingili ya juu yake ina ufa. Upasuaji ungefanyika Toulouse kesho yake. Hakuweza kuahidi mkono. Miguu, aliamini, ipo salama. Maïlys akamuuliza ingekuwaje kama angesukuma tena skramu moja.

"Siwezi kusema ingekuwaje, bibie," akajibu. "Ninachoweza kusema ni kwamba mimi nisingekuwa na haja tena ya kumkimbiza Toulouse."

Tulilitafuta jibu ndani ya jibu lile, na tulipolipata, kwamba pasingebaki cha kuokoa, Maïlys aliketi sakafuni.

Bastien alikataa kuniona, hapo na Toulouse pia. Mji haukuwa mbaya kwangu, ila ulibadilika. Muuza mikate alinipa mkate bila kuniuliza habari. Gisèle wa jikoni alipoteza kazi, na tulipokutana sokoni alinibusu mashavu yote mawili kama kawaida, lakini macho yake yalikuwa yanatazama nyuma yangu. Ludovic alinipigia simu, akanitukana nusu saa kwa jinsi nilivyorusha mipira ya pembeni mechi ile, akakata. Ilikuwa simu pekee iliyonitia nguvu.

Timu ilishuka. Wengi waliondoka, Zurab alipata timu karibu na Lyon. Mimi nilibaki, kwa mshahara wa nusu na kazi ya asubuhi kwenye kiwanda cha mvinyo. Mechi ya kwanza ya msimu mpya nilitapika mara mbili. Kushoto kwangu alisimama mtu mgeni kutoka Brive, mpole, mnene, nisiyemjua. Kabla ya skramu ya kwanza nilimwambia: "Ukihisi chochote kibaya, sema. Hata ikiwa mita tano. Hata tukiwa tunashinda." Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha yangu. Nikaingia. Niliogopa kutoka "Inama" mpaka mpira ulipotoka, na sikuficha kwamba ninaogopa, na ajabu ni kwamba niliweza kucheza hivyohivyo.

Mwezi wa kumi, Jumapili, Maïlys aliniita kwao nimsaidie kukata kuni. Nadhani kuni zilikuwa kisingizio. Bastien alikuwa uani, amekaa kwenye gogo, amekonda, kovu jipya shingoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa na shingo. Capucine alikuwa anampangia majani makavu mapajani.

Nilikata kuni. Nilipomaliza rundo la kwanza Bastien akasema: "Unashika shoka kama padri."

"Njoo ukate wewe."

"Siwezi. Mkono umerudi nusu." Akaufungua na kuufunga mbele yangu, vidole viwili vilibaki nyuma ya vingine. "Vitarudi, wanasema. Au havitarudi."

Nikaketi kwenye gogo lingine.

"Nilikuita mwoga," akasema. "Mbele ya watu wote."

"Ulisema kweli."

"Najua nilisema kweli. Ndiyo maana iliniuma." Akamwondoa Capucine jani moja nywelani. "Shemeji, pale kwenye benchi, kocha alipokuja, hakuniambia ingia. Aliniuliza, unaweza? Basi. Neno moja. Ningesema hapana ingekwisha. Lakini nikawaona akina Gisèle pale kwenye uzio na vibendera. Nikaogopa kusema hapana kuliko nilivyoogopa kufa. Unaweza kuamini upuuzi huo?"

"Naweza."

"Bado nakuchukia kidogo, ujue."

"Kidogo kiasi gani?"

Aliwaza kwa dhati. "Jumamosi zaidi. Kati ya wiki napumua."

Maïlys alifungua dirisha la jikoni akatuambia chakula kipo mezani, na kwamba asiyenawa mikono atakula na kuku. Bastien alisimama, akaegemea bega langu kujiinua, kisha hakuliachia mara moja.

"Wiki ijayo mnacheza na nani?" akauliza.

Nikamwambia. Aliijua ile timu, alimjua mtu wao wa mbele. Uso wake ukabadilika rangi kidogo.

"Yule huingia kwa mshazari," akasema. "Mwangalie sana yule. Nitakuja nikae karibu na Ludovic." Akaliachia bega langu. "Ingawa sijui kama nitaweza kutazama."